Wanane Gwaridani, Watatu Wadini

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimekuwa sajini. Sikuomba.

Walitupanga pale panapoegeshwa magari ya wagonjwa, hospitali nzima, watu mia nne na kumi na wawili — madaktari, wauguzi, wa maabara, wa kufulia, hadi mzee wa mochwari na aproni yake ya mpira. Mwanajeshi mstaafu mwenye kipenga shingoni akapanda juu ya kreti ya soda. Akatangaza kwamba kuanzia leo hakuna watumishi wa afya, kuna Kikosi cha Afya. Yeye ni Kamanda. Maradhi ni adui. Likizo zote zimefutwa. Atakayetoka kazini bila pasi, hata siku moja, atahesabiwa mtoro wa jeshi.

Kisha vyeo. Vimegawiwa kwa kuangalia vyeti. Daktari kijana, yule niliyemshika mkono mimi mwenyewe nikamfundisha kuutafuta mshipa, akitetemeka kama kuku aliyenyeshewa — luteni. Mimi, miaka ishirini na sita hapa, kumi na miwili nikiongoza Wadi ya Nne — sajini. Hospitali hii niliingia na ufagio. Majina ya dawa nilijifunza kwenye makopo matupu niliyokuwa natupa. Mtihani wa sekondari nimeufanya nina miaka ishirini na tisa, dawati moja na watoto walioniamkia. Haya. Sajini. Ahsanteni sana.

Chiriku, muuguzi wangu asiyejua kufunga mdomo, ameshampa Kamanda jina. Kipenga. Hadi saa sita mchana jina lilikuwa limefika jikoni.

Kwenye ukuta wa chumba chetu wamebandika jedwali la makosa. Nimelikariri bila kukusudia, ndivyo kichwa changu kilivyo. Utoro, miaka miwili. Taarifa ya uongo kwa mkuu, mitatu. Uzembe uliosababisha kifo, mitano.

Alhamisi, 7 Machi

Siku ya tatu ya gwaride. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa mbili kasorobo. Waliokesha na wanaoingia, wote!

Saa hiyo ndiyo tulikuwa tunakabidhiana wadi. Kitanda kwa kitanda. Anayetoka anamwambia anayeingia: huyu kaamkaje, dripu yake imebaki kiasi gani, yule daktari kambadilishia nini. Dakika arobaini, vitanda thelathini na viwili. Sasa tumepewa kumi, na hizo kumi tunafunga kamba za buti. Nimegawanya: sekunde kumi na tisa kwa mgonjwa, na hazitimii.

Nikamwendea Luteni, yule daktari kijana. Nikamwambia wadi haiachwi tupu, hata duka la maandazi haliachwi tupu. "Sajini, hilo limefikiriwa," akasema bila kuniangalia. Limefikiriwa hivi: kila wadi inabakisha watu watatu. Sisi tuko kumi na mmoja. Kwa hiyo kila asubuhi natoka hatua tatu mbele, nakanyaga, napaza sauti: "Wadi ya Nne, kumi na mmoja! Wanane gwaridani, watatu wadini!" Kipenga anaandika. Wanane anawaona kwa macho. Watatu anaambiwa.

Mwalimu ananisikia kupitia dirishani. Ni mgonjwa wetu wa kitanda cha kumi na nne. Amefundisha hesabu miaka thelathini na minane, sasa mapafu yamemgomea na anaishi kwa oksijeni. Niliporudi akanivutia karibu. "Sista, jibu lako ni sahihi, ila hujaonyesha njia." Akacheka mpaka ikanibidi nimrudishie barakoa puani.

Jumamosi, 9 Machi

Wifi amenyimwa pasi. Mara ya tatu.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ni muuguzi humu humu wadini kwangu. Fomu ya chuo nilimchukulia mimi, na mpaka leo ananiita "mla kaka yangu". Mimi namwita "mavi ya kuku", kwa sababu haachi kuganda. Mama yao, yaani mama mkwe wangu, yuko kwao, mwendo wa siku nzima kwa basi. Ameanguka bafuni. Haongei, hajigeuzi. Jirani anamtia uji kwa kijiko, na mtoto wa kike ni huyu mmoja tu.

Kipenga aliisoma barua hadi mwisho, Wifi anasema. Akaikunja vizuri. Akamwambia, "Askari akiwa vitani hana mama." Akamrudishia.

Jioni mume wangu hakugusa chakula. Yeye ni fundi wa kuchomelea, si mtu wa maneno, lakini leo yalimtoka. Kwamba mama yake hawezi kuoshwa na mwanamume. Kwamba daftari la kuhesabu watu liko mkononi mwangu. "Mama watoto, mtu mmoja kati ya kumi na mmoja. Nani atamjua?"

"Nitamjua mimi."

"Basi jifanye humjui."

Jumapili, 10 Machi

Nimekubali.

Siku tatu, tumepatana. Moja ya kwenda, moja ya kumwosha mama na kumtafutia mtu wa kudumu, moja ya kurudi. Jumatano jioni awe hapa. Wifi amenishika mikono yote miwili, na yeye si mtu wa kunishika mikono. "Wifi, nikichelewa niue." Nikamwambia ukichelewa watatuua wao, sitapata nafasi.

Wadini wamejua wawili tu, Chiriku na Mkimya, muuguzi wangu asiyezidisha neno. Nitawabakisha wadini kila asubuhi hawa hawa, na Wifi kwenye karatasi. Mkimya ameitikia kwa kichwa. Chiriku ameapa kwa wanawe wote wanne. Sijui kama nitalala.

Jumatatu, 11 Machi

Nimeusema uongo. "Wanane gwaridani, watatu wadini!" Sauti haikutetemeka. Kipenga akaandika, akaenda Wadi ya Tano.

Shida haikuwa uwanjani, ilikuwa kwenye fomu ya mgawanyo wa kazi. Kila jina lazima liwe na kazi, kila kazi jina, hakuna kisanduku cheupe. Sindano? Mgonjwa atauliza kwa nini hakuchomwa. Vidonda? Bandeji ya jana inaonekana. Nimekaa na kalamu robo saa. Mwisho nikamwandika Wifi kwenye mitungi ya oksijeni. Mitungi haisemi. Iko sita tu inayotumika, na mimi najua kila mmoja umeanza saa ngapi na utaisha saa ngapi. Nitaiangalia mwenyewe. Kwa jina lake, kwa macho yangu.

Nimeibandika ukutani.

Jumanne, 12 Machi

Wawili wa maabara wamekamatwa. Walikwenda kumzika rafiki yao mtaa wa pili, kwa muda wa saa tatu tu. Wameletwa mbele ya gwaride, mikono nyuma, wakavuliwa vitepe. Mmoja alikuwa anajikojolea na hakuna aliyecheka. Miaka miwili miwili.

Nikatoka hatua tatu mbele.

Jumatano, 13 Machi

Hajarudi.

Meseji saa kumi jioni: mama amezidiwa, hawezi kumwacha. Na darajani kuna kizuizi kipya. Wakati wa kwenda aliandikwa jina kwenye orodha. Walimwachia kwa sababu kulikuwa na foleni. Jina lake! Kwenye karatasi ya mtu! Nimesoma meseji hiyo chooni mara nne, kisha nikaifuta, kana kwamba kuifuta hapa kunaifuta kule.

Mwalimu amenikamata. Nilikuwa namtazamia geji ya mtungi, akanivuta mkono wa koti. "Sista. Karatasi pale ukutani inasema asubuhi wanabaki watatu. Mimi tangu Jumatatu nawahesabu wawili."

Nikamwambia, Mwalimu, tafadhali.

"Nauliza nani aliye mbali. Si nani aliyekosea." Nikamnong'oneza kwamba ni wifi yangu. Akapumua kidogo, hewa ilikuwa imemwishia. "Mwalimu mstaafu hasahihishi daftari la mtu bila kuombwa. Ila ndugu yako arudi upesi. Hawa wawili wanakimbia sana."

Arudi upesi. Mimi je, si nasema hivyo hivyo.

Alhamisi, 14 Machi

Nimechoka. Wifi bado.

Mtungi wa Mwalimu nimeubadilisha saa sita kamili mchana. Lita elfu sita na mia nane, lita tano kwa dakika. Saa ishirini na mbili na dakika arobaini. Utaisha kesho saa nne na dakika arobaini asubuhi. Nikitoka gwaridani nabadilisha saa tatu. Hapo sina wasiwasi.

Ijumaa, 15 Machi

Mwalimu amekufa.

Amekufa saa moja na dakika kumi asubuhi, mtungi ukiwa tupu.

Niandike kwa mpangilio, la sivyo nitapiga kelele. Chiriku alikuwa kitanda cha tatu, mtu anatapika damu, hakuweza kuachia. Mkimya alikuwa kitanda cha ishirini na saba kule mwisho, mgonjwa ameshikwa na degedege, amemlalia ili asianguke. Katikati hapakuwa na mtu. Katikati ndiyo nafasi ya wa tatu. Mkimya alipogeuka akaona kikombe cha plastiki sakafuni, mbali na kitanda. Mwalimu alikitupa ili wamsikie. Hakuna aliyesikia, maana nje tulikuwa tunaimba. Ule wimbo wa kukanyaga. Mimi niko mbele, ndiye ninayeanzisha.

Hesabu yangu haikukosea! Nimeirudia mara kumi. Kisha nikafungua faili. Pembeni, mwandiko wa Luteni, safi kabisa, unasomeka: alizidiwa alfajiri, saa tisa na dakika arobaini, oksijeni ipandishwe hadi lita kumi. Basi. Dakika mia tisa na arobaini kwa lita tano, elfu nne na mia saba. Dakika mia mbili na kumi kwa lita kumi, elfu mbili na mia moja. Jumla elfu sita na mia nane. Saa moja na dakika kumi. Inatimia hadi lita ya mwisho.

Luteni aliandika. Aliyepaswa kusoma asubuhi, wakati wa kukabidhiana, ni mtu wa mitungi. Mtu wa mitungi ni jina nililoliandika mimi ili kisanduku kisibaki cheupe. Na mimi niliyeahidi kuiangalia, katika zile dakika kumi nilipita kitandani kwake, nikaona barakoa iko puani, nikaona amelala, nikaenda kufunga buti.

Sekunde kumi na tisa. Hata hizo sikumpa.

Jumamosi, 16 Machi

Binti wa Mwalimu amekuja kuchukua vitu vyake. Mshonaji, futi ya kupimia bado shingoni. Miwani, redio ndogo, kikombe.

Aliniuliza baba yake alikuwa na nani. Nikajibu kama kasuku: wadini walibaki watatu. Akaenda ukutani akaisoma fomu, kidole kwenye mstari, kama baba yake. Akalipata jina la Wifi penye mitungi.

"Dada, huyu yuko wapi? Ningependa nimpe mkono. Baba aliniambia hapa kuna watu wanamjali."

Nikamwambia yuko mapumziko. Akasema atarudi wiki ijayo. Akaniachia kipande cha kitambaa kizuri, cheupe, eti nimpe.

Kiko kwenye mkoba wangu. Siwezi hata kukikunjua.

Jumapili, 17 Machi

Mama mkwe amefariki alfajiri. Wifi alikuwa naye. Alimwosha mwenyewe, kila siku, anasema. Alikufa akiwa msafi.

Asubuhi mume wangu alikaa uani juu ya mtungi wa gesi anaochomelea, amejifunika uso kwa miwani yake ya kazi. Nilimgusa bega. Akasema, "Ulifanya vyema, mama watoto." Sijamwambia habari za Mwalimu. Nitamwambiaje leo? Ameondoka na basi la saa nne kwenda kuzika. Yeye ni fundi, hahitaji pasi ya mtu yeyote.

Nyumba kimya. Kila pikipiki inayopita nadhani imekuja kwangu.

Nimeangalia jedwali la makosa kichwani. Nikisema kweli: Wifi mtoro, miwili. Mimi taarifa ya uongo, mitatu. Jumla mitano. Nikinyamaza: Wifi alikuwepo, na mtu wa mitungi aliyekuwepo akaacha mtungi uishe — mitano. Mimi sifuri. Jumla ni ile ile. Mitano na mitano. Kinachobadilika ni nani anayeibeba.

Jumatatu, 18 Machi

Kipenga ameniita baada ya gwaride. Nimesimama mbele ya meza yake. Luteni kasimama kando ya kabati, anaangalia viatu vyake.

Sikuwahi kumwona Kipenga akiwa mpole. Aliniambia niketi. Nikakaa ncha ya kiti. Akauliza Ijumaa Wadi ya Nne tulikuwa wangapi.

"Kumi na mmoja, Kamanda. Wanane gwaridani, wa—"

"Hapana. Nakuuliza kama mtu na mtu."

Nikasema kumi.

Akatabasamu, akavuta droo, akatoa karatasi yenye vumbi la barabara. Orodha ya kizuizi cha darajani. Jina la Wifi, mstari wa tisa, tarehe kumi na moja. Muhuri wa kupokelewa, tarehe kumi na tatu. Alikuwa nayo siku tano! Akairudisha, akafunga droo kwa ufunguo. "Sikukusikia vizuri, Sajini. Nilisikia kumi na mmoja."

Kisha akanieleza, taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa dawa. Siku kumi na nne mfululizo amepeleka juu ripoti ya watu mia nne na kumi na wawili kwa mia nne na kumi na wawili. Wale wa maabara hawakuharibu kitu, walirudishwa kabla karatasi haijaondoka, na mahabusu nao wanahesabiwa waliopo. Hakuna hospitali nyingine iliyofikia hapo. Wakubwa wanakuja kesho kumpongeza. Binti wa marehemu naye ameandika barua, anataka kujua. Kwa hiyo aliyekufa lazima awe amefia mikononi mwa mtu, na mtu huyo ameshajulikana, jina liko ukutani kwa mwandiko wangu.

Akanisukumia karatasi iliyopigwa chapa. Maelezo yangu. Mistari saba. Kwamba mimi, sajini wa Wadi ya Nne, nilimpangia fulani mitungi ya oksijeni. Kwamba nilimwona kazini kwa macho yangu. Kwamba kwa uzembe hakuisoma faili. Mahali pa saini. Saa nane mchana kesho.

"Na yeye asijue mpaka nimwite. Akikimbia, nitaitoa orodha droo­ni. Hapo utoro wake utajumlishwa na uongo wako, na Mwalimu wa watu nitamweka juu yenu wote wawili. Wewe unajua kujumlisha."

Najua.

Nje Luteni alinifuata hadi penye ngazi. Kwa mara ya kwanza tangu vyeo alisahau. "Mama," akasema, "saini tu. Jana usiku jina lililokuwa kwenye hiyo karatasi ni lako. Nimebishana nao."

Nikamuuliza: lako halikutajwa? Wewe uliyepandisha lita ukaondoka bila kumwambia mtu?

Macho yakamjaa. "Niliandika, Mama. Ulinifundisha mwenyewe kwamba kilichoandikwa kimesemwa."

Kweli nilimfundisha. Lakini wakati huo tulikuwa tunasomeana.

Jumanne, 19 Machi

Naandikia stoo ya mashuka, mlango nimeusindika. Saa saba na dakika ishirini.

Wifi amerudi. Amepitia mlango wa kufulia saa tano, nyuma ya toroli la mashuka machafu, kitambaa cheusi kichwani. Amekonda. Alinikumbatia akanipa kifurushi, kanga ya mama mkwe, "mama alisema kabla hajaanguka, apewe mla mwanangu". Akacheka na kulia kwa pamoja. Kisha akauliza wadi inaendeleaje. Mwalimu wa hesabu anaendeleaje.

Nikamwambia amefariki. Akaketi juu ya robota la mashuka. "Masikini. Lini? Mimi nilimwahidi nitamletea betri za redio." Hajauliza amekufaje. Watu wenye msiba wao hawaulizi.

Nikamwambia alale kidogo. Ndiye huyo, amelala, mdomo wazi, buti zake ziko kando yangu. Amezikuta pale alipoziacha na mimi nilikuwa nazipiga rangi kila siku ili zionekane za mtu aliyepo.

Saa saba na nusu. Wakubwa wamefika, gwaride la pili limepigwa, naisikia bendi. Chiriku kachungulia mlangoni. Uso wake! Akasema kwa kunong'ona kwamba Kipenga amemhoji yeye na Mkimya asubuhi, mmoja mmoja. Mkimya aliulizwa mlikuwa wangapi, akajibu. Miaka sita namjua, sentensi yake ndefu kuliko zote ni "ndiyo, sista", leo ndipo kaongea.

"Kasema wangapi?"

"Kasema wawili. Wamemfungia mle chumba cha plasta." Chiriku akashika mlango kwa mikono miwili. "Mimi nilisema watatu, sista. Nina watoto wanne. Nisamehe."

Nimesamehe. Sikuwa na muda wa kufanya kingine. Ameondoka anakimbia.

Kwa hiyo sasa kuna wawili na kuna watatu, na anayeamua ni mimi. Nimeiweka karatasi juu ya goti. Kalamu iko tayari, ndiyo hii ninayoandikia. Najaribu kuwaza watoto wangu, wawili bado wako shule. Najaribu kuwaza mitatu: miaka mitatu ni siku elfu moja na tisini na tano. Nimezigawa kwa wiki, nimezigawa kwa mwezi, haziwi ndogo. Kisha namwona Mwalimu anakitupa kikombe. Alikitupa upande gani? Upande wa katikati. Alijua hakuna mtu pale na bado alikitupa.

Saa saba na dakika arobaini na tano. Kuna buti koridoni. Jozi tatu, au nne. Zinapita… Zimesimama mlango wa wadi. Kipenga anauliza sajini yuko wapi. Luteni anajibu kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika, ili nisikie: "Yuko stoo, afande, anahesabu mashuka!"

Nimemwamsha Wifi. Nimemziba mdomo kwa kiganja kabla hajauliza. Kaniangalia kwa macho yale ya kutoka usingizini, macho ya kaka yake hasa.

Nimempa karatasi, mahali pa saini pakiwa peupe.

Niliambiwa asijue. Anaisoma sasa. Anasoma polepole, midomo inatembea, na bado hajavaa buti. Wameanza kugonga. Mstari wa kwanza kaumaliza, kanikuta mimi humo. Yuko wa pili. Jina lake liko wa tatu